Kamati Iliyofuta Malale Itigi

Wananchi wote wa Itigi walitangaziwa kwamba, kuanzia tarehe mosi Julai 1994, ugonjwa wa malale umefutwa. Uamuzi ulipitishwa kwa kauli moja na Kamati ya Taswira Njema, ambayo mimi, Anselm, nilikuwa katibu wake. Soko huria lilishabisha hodi, wanunuzi wa asali walikuwa njiani kutoka ng'ambo, na hakuna mwekezaji anayependa habari za mbung'o.

Wiki ileile alishuka kwenye treni binti wa Singida mjini, Kauthar, amepakata hadubini kama mtoto mchanga. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu: namna kimelea cha malale kinavyobadili ganda lake kila mwili unapokigundua.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia Mwenyekiti wetu, Mzee Bonifasi. "Naomba kibali cha kupima malale."

"Marahaba. Yamefutwa."

"Mume wa mwenyeji wangu Dorkas, yule mrina asali, anasinzia na tonge mkononi."

"Huyo ni mvivu," nilifafanua kitaalamu. "Tumeshamfungulia faili."

Kauthar hakubisha. Aliomba tu damu safi, ya kulinganishia. Mwenyekiti alifurahi mno. "Katibu, andika: damu safi imetolewa na uongozi." Akanyoosha kidole.

Binti akachungulia. Akachungulia tena.

"Mzee, kichwa kinakuuma?"

"Majukumu."

"Na usingizi wa mchana?"

"Majukumu, binti!"

"Basi majukumu yako yana mikia. Njoo uyaone yanavyoogelea."

Mzee Bonifasi aliinama, akatazama, kisha akakaa sakafuni na suti yake. "Dawa ipo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ipo mkoani. Hutolewa kwa barua ya kamati inayotaja ugonjwa uliopo."

"Katibu! Andika upo!"

"Mzee, akidi haijatimia. Wajumbe wako Manyoni, kwenye semina ya uwazi."

"Nimesema andika!"

Niliandika. Alisaini, akapiga muhuri mara tatu. Kauthar akaisoma barua, akairudisha mezani.

"Mgonjwa hapa ni mmoja. Mrina asali je?"

"Muongeze."

"Atangulie yeye, Mzee. Ana miezi mitano anaumwa."

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Atangulie," akasema.

Dawa ilipofika, benchi la zahanati lilipangwa kwa utaratibu: namba moja mvivu, namba mbili Mwenyekiti. Namba tatu nilikuwa mimi, maana Kauthar alisisitiza kupima kamati nzima.