Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Upatanishi wa Bonde

"Damu iliyomwagika bondeni mwezi uliopita ilianza kuchemka siku mkoloni alipochora mpaka." Hayo kayaandika mwalimu wetu wa historia, na kabla sijamnyoosha, itifaki izingatiwe: Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Makatibu na makatibu wao, Kamati ya Ulinzi, Kamati ya Kuratibu Kamati, wajane wa kilimani, wajane wa bondeni, mabibi na mabwana! (Makofi. Makatibu wanasimama, wanakaa.)

Ndugu zangu, upembuzi yakinifu tulioufanya hotelini, kwa mkabala mtambuka na shirikishi, umethibitisha kwa asilimia tisini na tisa nukta nane kwamba mgogoro huu una umri wa wiki tano, na chanzo chake ni vijana wawili na mbuzi mmoja. (Kicheko jukwaa kuu.) Mkoloni anaingiaje hapo? Ramani yake ninayo: bonde lote limepakwa rangi moja, safi, na juu yake jina la babu yangu, ambaye bwana shauri alimpa uchifu kwa kumkamatia watu wa kuchimba barabara. Kulikuwa na ugomvi? Hakuna aliyethubutu! Uhuru ulipokuja tukafuta uonevu wote, tukabadilisha bendera, hati ya bonde akarithi baba yangu, na leo, kwa unyenyekevu mkubwa, ninayo mimi. Huo mzizi wa kale uko wapi?

(Mama mfinyanzi, mjane wa bondeni, anasimama: "Mheshimiwa, mume wangu kauawa akichimba udongo wa vyungu, palepale alipochimba mama yake. Mimi nataka neno moja tu: kesho nikienda kuchimba, nitarudi?")

Mama, swali zuri sana, tutaliundia kikosi kazi.

(Mjane wa kilimani: "Na wangu je? Nani alimpa panga akalinde shamba lako?" Sauti nyuma: "Jibu, bwana, acha kuzunguka!" Askari wanageuza shingo.)

Hewala, tumalizie. Amani! Amani na maendeleo! (Makatibu: "Daima!") Nawashukuru kwa kuvumilia jua hili na vumbi hili mkiwa ndani ya kituo chetu cha kisasa, chenye ghorofa mbili na viti mia nne. Mlioketi chini, angalieni miiba. Sasa, wajane, nasema na nyinyi peke yenu. Wafadhili wanasubiri fomu. Tieni dole gumba kwamba kituo mmekiona, mmepatanishwa ndani yake, na madai yote ya bonde yamekwisha. Anza wewe, mama mfinyanzi. Tia dole hapa, ndipo nikwambie kama kesho utarudi.