Mlango wa Nyumba ya Mahabusu ya Temeke

(Hotuba ya Bwana Kornelio, Msimamizi Msaidizi wa Ustawi wa Mahabusu katika Vitongoji vya Nje, aliyoitoa mbele ya watu kiwanjani Temeke, karibu na mvua za vuli, mwaka wa 1954.)

Mheshimiwa Bwana Mkubwa uliyetoka mjini kwa motokaa na kukubali kuketi juani pamoja nasi, waheshimiwa majumbe wa Temeke, Chang'ombe na Buguruni, mashehe na mapadre, kila mmoja kwa cheo chake na upande wake wa kiwanja, walimu, makarani, na ninyi mlio karibu kuwa makarani, Sajini Didas na askari wako wawili mnaousimamisha mlango, wenye maduka, wavuvi wa Msasani mliofika ingawa hamkualikwa, mabibi na mabwana, na mahabusu wote ambao kwa sababu zinazofahamika hawakuweza kuhudhuria: nawasalimu kwa jina la Serikali, kwa jina la Idara yangu, na mwisho, kwa unyenyekevu, kwa jina langu mwenyewe. (Makofi ya safu ya mbele.)

Kwanza nawaomba radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu masika mmeniandikia, mmenitumia wazee, mmenisimamisha njiani nikiwa juu ya baiskeli, nami sikuwajibu. Wasiojua utaratibu wakasema nimewasahau. Sivyo. Afisa anaponyamaza ndipo anapofanya kazi, na kadiri kazi inavyokuwa kubwa ndivyo kimya chake kinavyorefuka. Kwa kipimo hicho mtakubali kwamba katika vitongoji hivi haijapata kufanywa kazi iliyo kubwa kuliko yangu. (Sauti ya Mzee Jamali, muuza kahawa, kutoka nyuma: "Hapo umesema kweli, bwana!") Nakushukuru, mzee wangu.

Nani asiyeijua lokapu yetu ya zamani, pale kituoni, ng'ambo ya barabara? Ni chumba kimoja chenye paa la bati na sakafu ya saruji, hakina dirisha, na wanaume hulala kwa zamu kwa kuwa nafasi ya kulala wote kwa pamoja haipo. Mwenye jamaa huletewa chakula. Na kama ilivyo desturi, mleta chakula hutakiwa kumega tonge la kwanza na kulila mbele ya askari, ili ijulikane kwamba ndani ya wali hamna sumu wala tupa ya kukatia chuma. Asiye na jamaa hula harufu ya chakula cha mwenziwe. (Kicheko. Mwanamke mmoja mwenye sufuria kichwani hacheki.)

Mimi nilipoiona hali hiyo sikulala. Nilikaa, nikafikiri, na katika kufikiri huko ikazaliwa Skimu ya Ustawi wa Mahabusu, ambayo komiti iliisoma, komiti ndogo ikaisoma tena, na komiti ya kuisimamia komiti ndogo ikanipongeza. Skimu yasema hivi: ijengwe Temeke nyumba ya mawe yenye madirisha manne, kila mahabusu apewe mkeka na blanketi, mtungi wa maji ukae kivulini, dresa wa hospitali apite kila juma kuwatazama wenye homa, na chakula kipikwe humo humo, ili wake wa watu wasihangaike barabarani na sufuria vichwani. Nyumba hiyo, mabibi na mabwana, niliiandikia ripoti mwezi wa Februari, nikasema imekamilika. (Makofi. Minong'ono.)

Nanyi msitegemee maneno matupu. Idara yangu hutegemea takwimu. Katika lokapu ya zamani malalamiko ya kunguni hayahesabiki. Katika nyumba mpya, tangu ripoti yangu hadi leo, hakuna mahabusu hata mmoja aliyelalamika kwa ajili ya kunguni. Hakuna aliyeugua. Hakuna aliyegombania nafasi. Hakuna aliyetoroka! Tafuteni kuanzia hapa hadi Tanga mniletee nyumba ya mahabusu yenye sifa hiyo. (Bwana Mkubwa atikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Jamali: "Basi tuonyeshe, tuione na sie! Tangu asubuhi mie naona mlango na ua wa makuti.")

Mzee Jamali, subira. Ua wa makuti umezungushwa jana kwa amri yangu, kwa sababu jambo kubwa halionyeshwi kwa ghafula. Hata bibi harusi huwekwa ndani kwanza. Nyuma ya ua ni nyumba. Mbele ya ua ni mlango wake, ambao kwa leo umetangulizwa mbele kidogo ili Bwana Mkubwa aukate utepe bila ya kutembea sana. (Mbuzi atoka chini ya makuti akitafuna majani ya mhogo. Kicheko kikubwa.) Mbuzi huyo ni wa nani? Aondolewe. Mbuzi hana elimu ya mipaka.

Tuutazame mlango. Ni mti wa mvule mtupu, una fremu yake, bawaba za chuma na kitasa kilichotoka Ulaya. Umetengenezwa na fundi wetu wenyewe, Shomari, seremala wa Chang'ombe, ambaye... (Mwanamke asimama katikati ya watu, sufuria iliyofunikwa kawa i kichwani pake. "Ambaye yuko wapi, Bwana Kornelio? Malizia!")

Huyu, Bwana Mkubwa, ni Bibi Mwanabaraka, mke wa Shomari. Bibi, mpango wa leo hauna sehemu ya akina mama kusema. (Mwanabaraka: "Na kituoni hamna askari wa kunifungulia. Mmewaleta wote huku kushika mlango, funguo ziko kiunoni kwa Sajini. Wali unapoa. Mume wangu anakohoa tangu mwezi wa sita, analala kwenye saruji, na mie kila siku namega tonge mbele ya askari. Yeye anakonda, mie nanenepa kwa kuonja!" Kicheko.)

Kwa kuwa jambo limetajwa hadharani, nitalieleza hadharani, maana Idara yangu haina la kuficha. Shomari aliagizwa autengeneze mlango, akautengeneza. Akaambiwa aulete na kuutia, akauleta. Alasiri ya siku hiyo hiyo Sajini Didas akamkuta njia ya Chang'ombe, mlango u juu ya mkokoteni, anarudi nao. Akamwuliza, "Mlango wa nani huo?" Akajibu, "Wa Serikali." "Waupeleka wapi?" Akajibu, "Nyumbani kwangu." Sasa, mabwana, Sajini angefanya nini? Akamkamata kwa kosa la kuiba mlango wa nyumba ya Serikali. (Sajini Didas, akiwa ameshika fremu: "Sheria ndivyo isemavyo." Mwanabaraka: "Si alikwambia, Sajini, ya kwamba alipofika hakukuta ukuta? Ungekuwa wewe ungeutia kwenye hewa?")

Hayo ndiyo maneno ya mshtakiwa, nami siyaingilii. Lakini Inspekta, ambaye ni mtu wa haraka, alinijia ofisini akasema: "Bwana Kornelio, nataka neno lako moja tu. Nyumba ile ipo au haipo? Ikiwapo, fundi ameiba, nitampeleka mahakamani. Isipokuwapo, hakuna alichoiba, atoke leo hii." Neno moja! Kana kwamba mambo ya maendeleo hupimwa kwa ipo na haipo. Ningesema ipo, angetaka kuiona. Ningesema haipo, ripoti yangu ya Februari ingekuwa na maana gani, na ya Aprili, na ile ya Juni iliyosifu rangi ya madirisha? Basi nikanyamaza, kwa hekima. Na hicho ndicho kimya nilichowaomba radhi. (Mzee Jamali: "Lahaula! Yaani kimya chako ndicho kilichomlaza mtu kwenye saruji?")

Mzee, unaliona jambo kwa udogo wake. Nyumba ina hatua zake: hatua ya makusudio, hatua ya ramani, hatua ya ripoti, na hatua ya mawe. Watu wa zamani walianza na mawe, ndiyo maana hawakuendelea. Sisi tumezipita hatua tatu zote zinazohitaji akili. Iliyobaki ni ya vibarua. (Bwana Mkubwa ainua mkono na kuuliza kwa Kiswahili chake: "Bwana Kornelio. Nyumba ipo?")

Bwana Mkubwa ameuliza, na mbele ya Bwana Mkubwa sina kimya. Naam, ipo! Na ushahidi wangu ni Shomari mwenyewe. Je, Serikali yetu, yenye haki na mizani, yaweza kumweka mtu ndani miezi yote hii kwa kuiba mlango wa nyumba isiyokuwapo? Haiwezi. Yeye yumo ndani. Kwa hiyo nyumba ipo. (Safu ya mbele yapiga makofi. Safu ya nyuma yazomea. Mwanabaraka atua sufuria chini.)

Bibi Mwanabaraka, usilie. Mlango huu wa mumeo utatajwa katika ripoti. (Mwanabaraka: "Silii, baba. Nakushukuru. Umesema nyumba ipo?") Nimesema, na Bwana Mkubwa amesikia. (Mwanabaraka: "Ni ya mahabusu?") Ni ya mahabusu, wa Temeke na wa vitongoji vyote. (Mwanabaraka: "Imefunguliwa leo?") Leo hii, kwa utepe. (Mwanabaraka: "Basi mume wangu ni mahabusu, tena mgonjwa. Mhamishieni humo sasa hivi, nimpe wali wake kwenye hayo madirisha manne." Watu: "Ahamishwe! Ahamishwe!")

Uhamisho, mabibi na mabwana, ni neno zito. Kuna mapendekezo ya uhamisho, kuna ukaguzi wa mapendekezo, kuna... (Bwana Mkubwa, akitazama saa yake: "Vema sana. Hamisha leo. Mimi nataka kuona." Vigelegele.)

Bwana Mkubwa amenitangulia, maana hilo hasa ndilo nililokuwa nakaribia kulisema. Sajini, mlango uachie askari, ukamlete mahabusu wa kwanza wa Skimu. (Sajini avuka barabara akikimbia.) Tunapomngoja, nitawafundisha salamu ya Idara, niliyoitunga mwenyewe. Nikisema "Mahabusu!", ninyi mjibu "Astarehe!" Haya. Mahabusu! (Watu: "Atoke!") Hapana. Si atoke, ni astarehe. Sikilizeni neno lenyewe. Mahabusu! (Watu, kwa nguvu zaidi: "Atoke!") Mtajifunza pole pole.

Huyo anakuja. Karibu, Shomari. Mmeona amekonda kidogo. Hiyo ni kazi ya lokapu ya zamani, ambayo Skimu yangu imekuja kuiondoa. (Shomari akohoa, apitisha mkono juu ya mbao za mlango, amwambia Sajini: "Bawaba ya chini mmeipinda." Bwana Mkubwa akata utepe.) Sasa Shomari, ingia katika nyumba yako. Sajini, fungua, mtu apite, funga kwa ufunguo, mizunguko miwili, kwa utaratibu. (Shomari apita mlangoni. Sajini afunga. Askari mmoja, akitaka kupiga saluti, aegemea ua. Ua wa makuti waanguka wote kwa pamoja.)

Watulie watu! Watulie! Kilichoanguka ni ua, si nyumba. (Nyuma ya mlango ni shamba la mihogo, mbuzi wawili, na Shomari aliyesimama katikati ya matuta. Mwanabaraka azunguka mlango na sufuria yake. Amega tonge la kwanza kwa mazoea, kisha acheka, ampa mumewe lote. Waondoka wakipita katikati ya mihogo, kuelekea Chang'ombe.)

Sajini, wapi unakimbilia? Rudi. Ukimfuata utasema ametoka, na akitoka atakuwa ametoroka, na katika nyumba hii hakuna aliyepata kutoroka. Nimekwisha lisema mbele ya Bwana Mkubwa, na takwimu haziwezi kuharibiwa kwa sababu ya mtu mmoja mwenye njaa. Mlango umefungwa? (Sajini: "Umefungwa, bwana.") Ufunguo unao? ("Ninao.") Basi Shomari yumo ndani. Ripoti yangu itasema kwamba mahabusu wa kwanza amepokewa, amekula vizuri, ana hewa ya kutosha, wala hakulalamika. (Bwana Mkubwa aingia katika motokaa bila ya kuaga. Mzee Jamali: "Na aendelee kukaa humo ndani, Mungu amjalie! Kesho aje anitengenezee meza yangu!" Vigelegele na vicheko.)

Nakaribia mwisho. Namshukuru Bwana Mkubwa aliyeondoka. Nawashukuru majumbe, na Bibi Tabu aliyetuazima shamba lake la mihogo kwa siku moja, nasi tutamrudishia jioni hii. Nawashukuru wajumbe wa komiti tatu, waliojenga kwa mikutano kile ambacho wengine hujenga kwa udongo. Ama swali la Inspekta, kama nyumba ipo au haipo, na kama mtu aweza kutafutwa nje hali yumo ndani, mambo hayo yako mezani, na uamuzi utakapopatikana nitawaandikia ninyi nyote kwa mkono wangu.

Ahsanteni. Sajini, inueni mlango huo taratibu na kuuweka stoo kabla mvua haijaunyeshea, maana ndio nyumba yote tuliyo nayo.