Rangi Inayokunywa Jua

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Rozela imeniangusha. Vioo viwili nimevipaka vizuri, kimoja unga mweupe wa maabara, kingine masizi ya mshumaa, katikati ayodini ya duka la dawa. Unga nikauloweka kwenye maji ya maua ya rozela hadi ukaiva wekundu. Nikavianika uani, hapa Ruhuwiko, jua la kutosha. Sindano ya mita ya umeme ikajitikisa kidogo, ikalala.

Nadharia haina kosa. Si lazima seli ya jua iwe ya silikoni ya viwandani. Rangi ya mmea ikinywa mwanga, inasukuma umeme. Mimi ni mwalimu wa Kemia, najua. Kosa ni rangi kuwa nyepesi. Nahitaji kitu cheusi, tena kabla ya Jumamosi, siku ya maonyesho ya walimu wa sayansi. Mwenzangu Iddi, wa Biolojia, ataonyesha uyoga. Nishindwe na uyoga?

Mke wangu Benigna hana habari na maonyesho. Anashona gauni la Komunyo ya Kwanza la binti yetu Dorine. Ni Jumapili hii. Mabinti wa mtaa mzima kawashonea yeye, la mwanawe kaliacha mwisho ili alishone kwa utulivu. Bado mikono na lesi ya shingoni.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepata! Maganda ya korosho. Ndani yake mna mafuta meusi, mazito. Iddi kwao Nalasi, ndugu zake wamemletea korosho ghafi, maganda yamejaa kiroba.

Kanipa yote. Ila akanionya nisiyashike mikono mitupu, kwamba mafuta yake yanababua ngozi hadi inachunika. Nilicheka hadi nikakaa chini. Iddi ni Myao, mimi Mngoni: mtani wangu. Ndiye huyu aliyejilaza kaburini kwenye msiba wa baba mdogo, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Ndiye aliyenidanganya kuwa mkaguzi anakuja Jumamosi, nikaenda shule na tai, nikamkuta mlinzi na mbuzi wake. Leo kaapa wallahi. Siku ile ya mkaguzi pia aliapa. Anaogopa uyoga wake utafunikwa, basi.

Jumatano, 20 Novemba

Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikamwomba Benigna aache cherehani kidogo anitwangie maganda. Akauliza kama hayana madhara. Nikasema ni maganda tu. Akauliza Iddi anasemaje, maana Iddi ndiye mwenye korosho. Nikasema Iddi kasema hayana neno.

Akatwanga, akakamua kwa mikono. Mimi nikachuja. Nilivaa glovu za maabara, kwa mazoea tu. Ziko jozi moja.

Rangi nzito ajabu. Nalala na furaha.

Alhamisi, 21 Novemba

Mikono ya Benigna imevimba. Malengelenge mpaka katikati ya vidole, na ngozi imeanza kuwa nyeusi. Hakulia. Afadhali angelia.

Zahanati wamemsafisha, wakampaka GV, ile dawa ya zambarau, wakampa na chupa ya kujipaka nyumbani. Asishike sindano, asishike maji. Gauni liko mezani, halina mikono.

Jioni Iddi kaja kumpa pole. Hakunitania hata neno moja. Mtani akikunyamazia, ujue umeharibu. Alimwambia Benigna, kwa upole, kwamba yeye alionya. Benigna akanitazama. Nikatazama dari.

Jumamosi, 23 Novemba

Maonyesho. Wingu lilitanda, kisha likaachia jua, na bado mita haikusogea. Rangi nyeusi kuliko zote, umeme mdogo kuliko wa rozela! Majaji waliondoka kabla sijamaliza maelezo. Uyoga umeshinda. Iddi kampelekea Benigna bakuli zima la uyoga, ukiwa umeshapikwa, kwa kuwa mikono yake haimruhusu kupika.

Mchana nikajaribu kushona mikono ya gauni mwenyewe. Mmoja niliuziba kabisa. Wa pili nikaushonea shingoni. Nilipoufumua, kitambaa kikachanika. Dorine alikuwa mlangoni, ameona yote. Akasema si kitu, baba. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 24 Novemba

Dorine kapokea Komunyo na gauni la kuazima la binti wa Mama Remmy. Refu, linaburuzika. Alilishika kwa mkono mmoja njia nzima hadi altareni, wenzake wote wamevaa kazi ya mama yake.

Wakati wa kutakiana amani, watu walimnyooshea Benigna mikono. Ya kwake ilikuwa ndani ya kitenge, akawa anawainamia kichwa, mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaangalia mbele.

Sijawahi kujuta hivi. Nyumbani nimemwomba radhi, machozi yananitoka kweli. Kasema mikono itapona, ila gauni halirudi, na kilichomuuma zaidi ni lile neno nililomzulia Iddi. Kasema amenisamehe. Anataka kitu kimoja tu, nisimwambie uongo tena. Nikaapa mbele ya msalaba wa ukutani. Na mambo ya rangi nimeyaacha.

Jumatatu, 25 Novemba

Chupa ya GV ilikuwa dirishani. Jua la asubuhi likaipiga. Mwanga wote ulioingia haukutoka! Zambarau tupu. Nilisimama nayo kama mtu aliyeona malaika.

Tone moja tu kwenye unga wa kioo, nilijiambia. Sindano ikapanda kuliko siku zote. Nikaongeza. Unga unakunywa sana, kioo kikubwa kinataka dawa nyingi, na mikono ya Benigna naona inakauka vizuri.

Mchana kauliza chupa yake iko wapi. Nikasema sijui, tuitafute. Nikamsaidia kuitafuta hadi chini ya kitanda, yeye hawezi kuinua godoro. Kanishukuru.