Namba ya Siri Iko kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimezaliwa mwaka mbaya. Halmashauri imetangaza zabuni ya madawati mia mbili ya shule za msingi, nayo imetengwa kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Kijana mwisho miaka thelathini na tano. Mzee aanzie sitini. Mimi nina arobaini na saba. Sipo popote! Boniface, seremala mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ana mvi kichwa kizima lakini cheti chake kinasema thelathini na nne, na kikundi chake cha vijana kimeshajisajili. Leo amenipa shikamoo kwa sauti ya juu mbele ya wateja. Nikaitika marahaba. Ningefanyaje?

Fausta, mke wangu, mwezi wa tano sasa yuko kwao Masanze. Niliuza cherehani yake nikanunua kompyuta, kwa sababu zabuni siku hizi zote ziko kwenye mfumo wa mtandaoni. Hakugomba. Alikunja nguo zake polepole, akaniambia kwao napajua. Napajua! Napapita kila ninapotoka Mikumi kwenda Kilosa, shingo inauma kwa kugeuka. Mke akirudi kwao, mume humfuata na mshenga, akasema lililompeleka, akamchukua. Mimi nitamfuata, tena kwa heshima zote. Ila siendi mikono mitupu. Nitakwenda na mkataba wenye muhuri.

Jumanne, 9 Septemba

Wazo! Limenijia nikiwa napiga randa. Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha wazee watano huko Masanze. Wanafuga kuku na kusuka mikeka. Wana usajili, wana katiba, wana akaunti benki, na hawajawahi kuomba zabuni hata ya mifagio. Basi wao waombe, mimi nitengeneze. Boniface atajua hajui.

Tatizo moja. Mimi na mama mkwe hatuzungumzi. Si ugomvi, ni adabu. Yeye ni mtu wa zamani: mkwe mwanamume hamtazami usoni, hamtaji jina, hampigii simu. Maneno yote hupitia kwa Fausta.

Kwa hiyo ilibidi nimpigie Fausta. Kwa ajili ya kazi! Nilikuwa nimeandika pembeni ya ubao maneno ya kumwambia. Alipopokea, nikayasahau yote isipokuwa madawati. Akasema atamuuliza mama. Baada ya saa moja akapiga yeye mwenyewe: wazee wamekubali, ila wanauliza dawati lina miguu mingapi. Nikasikia anajizuia kucheka. Siku nzima nimefanya kazi kwa furaha, na sidhani ni kwa sababu ya madawati.

Alhamisi, 11 Septemba

Karatasi za kikundi zimeletwa na dereva wa basi la Kilosa. Jina langu juu ya bahasha kaliandika Fausta kwa mkono wake: Makarius, ile "k" yake yenye mkia mrefu. Bahasha inanukia moshi wa jikoni kwao. Karatasi nimezitoa, bahasha nimeiweka chini ya mto.

Nikaenda kwa Yusta wa steshenari kufanya usajili, maana kompyuta yangu inawaka vizuri lakini intaneti haiioni. Kwenye jina la mwenyekiti nikakwama. Kulitaja siwezi. Nikamwonyesha Yusta kwa kidole kwenye katiba. Akalisoma kwa sauti, duka zima likasikia! Nilitoka nje mpaka alipomaliza kuliandika.

Mfumo ukataka simu ya mwenyekiti. Nikaweka ya mama mkwe, kwa uaminifu wangu. Ndipo Yusta akanieleza kwamba kila tukitaka kuingia, mfumo utatuma namba ya siri kwenye simu hiyohiyo. Tarakimu sita. Zikipita dakika tano, namba imekufa.

Nikampigia Fausta. Fausta akaenda kwa mama yake, ambaye simu yake ya kitochi huning'inia dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu simu hiyo hushika mtandao hapo tu. Lakini mama mkwe haruki salamu. Kwanza shikamoo yangu iende kupitia kwa Fausta, na marahaba irudi kupitia kwa Fausta. Kisha habari za Mikumi. Za mama yangu. Za mgongo wa mama yangu. Za tembo, kama bado wanaingia kwenye mahindi ya watu. Tulipoifikia namba, ilikuwa marehemu wa dakika mbili. Tukaomba nyingine. Mama mkwe akaona simu imepigwa upya, akaanza salamu upya.

Majaribio manne. Yusta amefunga duka akaenda kula.

Jumamosi, 13 Septemba

Mimi si mjinga. Leo nimepanga mambo: salamu kwanza, zote, mpaka za tembo, ndipo Yusta abonyeze kitufe cha kuomba namba. Imefanikiwa! Sekunde arobaini. Yusta akapiga makofi. Nyaraka tatu zimepakiwa kabla ya adhuhuri.

Jioni nimekaa mlangoni. Ile simu ya namba ilikuwa fupi mno. Fausta alisoma tarakimu sita, akasema haya kwaheri. Sikusikia hata kuku wao.

Nyani amekaa juu ya dawati langu la mfano. Angalau kuna aliyelijaribu.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya misa nimemwomba Yusta afungue duka nusu saa tu. Nimegeuza utaratibu: namba isomwe kwanza, salamu baadaye. Nimeingia kwenye mfumo na kutoka mara tano. Yusta akauliza kuna nini. Nikamwambia nakagua usalama.

Faida ya ukaguzi: nimejua kwamba kwao wamemaliza kupura mpunga. Kwamba Fausta ana kikohozi lakini kinapungua. Kwamba amesuka nywele, kasukwa na dada wa jirani, na hazikumpendeza. Nilitaka kumwambia kila msuko unampendeza. Nikamwambia arudie tarakimu ya nne.

Mara ya sita mfumo umenifungia mpaka kesho. Haidhuru, siku bado zipo.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeutia nazi mchuzi wangu mwenyewe, kisha nikaumwaga.

Zabuni ilikuwa inafungwa leo saa nne kamili asubuhi. Tangu Jumatatu kila kitu kilikuwa tayari. Yusta alinisihi jana tuwasilishe. Nikakataa. Nilimwambia Boniface anaweza kuipeleleza bei yetu. Ukweli ni kwamba kuwasilisha kulihitaji namba moja tu, ya mwisho, na baada ya hapo nisingekuwa na sababu ya kupiga simu Masanze.

Saa tatu na dakika arobaini nikapiga. Salamu zikaenda, zikarudi. Namba ikaingia. Nikasikia Fausta anatembea nayo, sauti za kuku zikabaki nyuma. Akasema atanisomea, ila kwanza nimsikilize. Akasema kazi ya shamba imekwisha. Kila jioni mama yake anamuuliza mumewe anasemaje, naye hana la kujibu. Akaniuliza hizi simu zote, ni namba tu ninayoitaka?

Maneno nilikuwa nayo. Miezi mitano nalala nayo, naamka nayo. Rudi nyumbani, basi. Maneno mawili tu, hilo "basi" hata si lazima. Lakini Yusta alikuwa ananionyesha saa ya ukutani, na vidole vyake viko juu ya kompyuta. Nikamwambia Fausta, nisomee namba.

 Muda ukapita, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasoma, tarakimu moja moja, kwa upole, akakata. Tukaandika. Imekufa! Tukaomba nyingine. Fausta hakupokea. Yusta akasema nimpigie mama mkwe moja kwa moja, mtu mzima mimi naona haya ya nini? Nikaitafuta namba ya mama mkwe. Kidole kikagoma. Nilikuwa bado nabishana na kidole saa nne ikafika.

Boniface aliwasilisha tangu Jumatatu. Amepita hapa ananipa shikamoo.

Namtaka mke wangu. Naandika hapa kwa sababu mbele ya watu siwezi. Nyumba imekuwa kubwa, chai ya mtu mmoja haina ladha, na usiku bado nalala upande wangu wa kitanda.

Alhamisi, 18 Septemba

Amekuja Mzee Ulimboka, mshenga aliyeniposea. Habari zimemfikia kwa watu wa steshenari. Amenisema mpaka soksi zikalegea. Mke hafuatwi kwa mkataba, anafuatwa kwa miguu. Kesho twende Masanze, yeye ataongea na wazee, mimi nitasema neno langu moja mbele ya Fausta, tutarudi naye.

Amesema kweli. Zabuni kitu gani? Nimeachana nazo!

Nimemwandikia Fausta ujumbe kwamba kesho tunakuja kumchukua. Akajibu: Sawa. Nimeusoma mara kumi. Nimenunua sukari, kitenge cha mama mkwe na sabuni. Nimenyoa. Nimefanya mazoezi ya neno langu mbele ya kioo, sauti ikatoka vizuri mara mbili kati ya tano.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandika haya Kilosa, kwenye benchi nje ya ofisi ya halmashauri. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi tulipanda gari, mimi na Mzee Ulimboka na vitu vyetu. Nilikuwa mtulivu. Karibu na Masanze pikipiki ikatupita mbio kuelekea Kilosa. Juu yake Boniface, amevaa shati jeupe, bahasha ya kaki mkononi. Bahasha ya kaki, Ijumaa asubuhi! Mzee Ulimboka akasema hayo hayatuhusu. Nikakubali.

Gari likasimama Masanze. Fausta alikuwa amesimama barazani, ng'ambo tu ya barabara, amevaa kitenge cha bluu. Msuko umempendeza, nilijua. Akaniona. Mzee akashuka na sukari. Mimi mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Lakini ile bahasha! Kuna zabuni mpya, nikawaza, na ofisi leo zitafungwa mapema. Nikarudisha mguu. Nikamwambia Fausta kupitia dirishani, kwa sauti ya kusikika, kwamba nitashuka wakati wa kurudi, dakika chache tu. Nikampungia mkono. Gari likaondoka, Mzee Ulimboka amesimama barabarani na sukari yangu, mdomo wazi.

Boniface nimemkuta stendi. Bahasha ilikuwa ya kadi za mchango wa harusi ya dada yake. Amenipa moja.

Lakini si nimefika kwenye ubao wa matangazo? Viti sitini vya zahanati! Tena si vya makundi maalumu, ni vya kila mtu. Arobaini na saba ruksa! Boniface hajui, na kadi zake zitamweka stendi mpaka jioni. Nimeshaomba orodha ya nyaraka, nasubiri muhuri.

Mzee Ulimboka amenipigia sasa hivi. Hakutaka hata salamu. Amesema Fausta alikuwa amefunga mizigo tangu alfajiri, begi lilikuwa nyuma yake pale barazani, amewaaga majirani wote. Gari lilipoondoka nami ndani, alilibeba begi mwenyewe, akalirudisha chumbani, akaanza kupanga nguo kabatini. Mama mkwe amelia. Mzee amesema yeye kazi ya ushenga basi.

Kumbe alikuwa amefunga mizigo! Begi zima! Miezi mitano yote sikuwahi kuwa na habari njema kama hii. Mtu akishafunga mizigo mara moja, mara ya pili haimpi shida. Nitamfuata Jumatatu, zabuni ya viti ikishafungwa.