Mlolongo wa Kumtoa Wasike

Jumatatu, 2 Juni 1958

Siwezi kuvumilia tena! Wasike, mkata tiketi wa gari la moshi, amepita mbele ya mlango wangu akipiga mluzi. Mluzi wa mjumbe! Tangu Aprili, watu wa landhi, hizi nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, walipojipanga wengi nyuma yake kuliko nyuma yangu, hatembei tena kama watu wengine. Alituahidi mfereji wa pili. Uko wapi? Landhi nzima bado inachota maji kwenye mfereji mmoja. Na Jumamosi Bwana DC, mkuu wa wilaya, anakuja kufungua ukumbi wetu. Nani ataketi kando yake? Nani atapewa mkono? Wasike! Mimi Dalmas, karani wa bohari ya reli, mwenye tai, nitasimama juani na umati.

Nimemwendea Mzee Kosgei, mwenyekiti wa baraza la landhi. Akasema kumchagua mjumbe tunajua: watu wanapanga laini nyuma ya wampendaye, laini ndefu inashinda. Ila namna ya kumtoa hakuna aliyewahi kuifikiria. Kama nina kanuni, nizilete barazani Jumatano. Ninazo! Yaani, nitakuwa nazo.

Jumatano, 4 Juni

Ushindi! Kanuni zangu ni fupi na tamu. Mtu yeyote anaweza kuita mlolongo, yaani watu wapange laini upya. Siku yoyote, mahali popote. Sababu si lazima. Mwenye laini ndefu anakuwa mjumbe papo hapo.

Akeyo, yule mama anayeuza samaki karibu na stesheni, alisimama kuniharibia. Eti kosa litajwe kwanza. Eti watu wapewe majuma mawili ya kufikiri. Eti mjumbe asikizwe ajitetee mpaka amalize, ndipo watu wajipange. Eti akitolewa, uchaguzi uwe wazi kwa kila mtu, kiti kisimwendee aliyemshtaki. Nikamwambia kwa heshima kwamba kwa mwendo huo tutaota mvi. Watu wakacheka. Nilifurahi sana.

La ajabu, Wasike mwenyewe aliniunga mkono. Alisema mjumbe anayependwa haogopi kanuni. Majivuno gani hayo! Mzee Kosgei akapitisha.

Alhamisi, 5 Juni

Nimewaza kutwa nzima boharini, hata nikampa mtu nati badala ya misumari. Shida ni moja: nani atakuja kusimama nyuma yangu? Nina marafiki, lakini si wa kuamka mapema.

Halafu likanijia. Ni wapi watu wa landhi wanapanga laini kila asubuhi bila kuitwa na mtu? Mferejini! Na kesho Wasike anaondoka na gari la alfajiri kwenda Naivasha. Kanuni haisemi lazima awepo.

Nilimweleza mke wangu, Truphosa. Akasema wale watakuwa wamefuata maji, hawakunifuata mimi. Nikamjibu kwamba kanuni haimuulizi mtu amefuata nini. Akaendelea kuchambua mboga, akitikisa kichwa. Wanawake hawaelewi siasa.

Ijumaa, 6 Juni

Mimi ni mjumbe!

Nilifika mapema, nikasimama mgongo umegusa mfereji. Laini ilipofika vyooni nikapaza sauti: naita mlolongo! Mzee Kosgei alikuja na koti juu ya nguo za kulalia. Akaitazama laini yangu. Akatazama upande niliosema ni wa Wasike. Palikuwa na mbuzi. Akajikuna kichwa kwa muda mrefu, lakini kanuni ni kanuni. Akanitangaza.

Nilitaka kutoa shukrani. Chepkurui, aliyekuwa wa kwanza na debe lake, akasema nikitoka pale mferejini ndiyo itakuwa shukrani. Nikatoka.

Truphosa alinipongeza, kisha akasema sasa nimwombe Bwana DC mfereji wa pili, maana miguu yake imechoka kwa kusimama. Nikamwahidi. Kweli nilikusudia. Akanipigia suti pasi.

Jioni Wasike alirudi, akanipa mkono, akaniuliza kwa upole kama kanuni zile bado zinafanya kazi. Nikamwambia bila shaka!

Jumamosi, 7 Juni

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Baraza lilikuwa limepika sufuria kubwa la chai na mandazi kabla ya mgeni kufika. Harufu ilifika kwangu nikifunga tai. Mjumbe naye ana tumbo. Nikaenda nikapanga laini, watu wengi mbele yangu, wengi nyuma yangu. Nilishangaa kidogo kuona Wasike ndiye aliyeshika kata ya kugawia chai.

Akaita mlolongo.

Mzee Kosgei akasema laini ya Wasike ni hii, je, ya Dalmas iko wapi? Nikagundua kwamba Dalmas mwenyewe alikuwa katika laini ya Wasike, tena na kikombe! Nikaruka kando, nikamwita Truphosa aje nyuma yangu. Akasema hawezi kupoteza nafasi, mandazi yanaisha.

Basi, Wasike akatangazwa, na Kinyanjui wa karakana naye akaonja utamu wa kanuni zangu. Akasimama mlangoni mwa ukumbi watu walipokuwa wakiingia, akaita mlolongo wake. Wasike akaita tena, akakirudisha kiti. Nami nikajaribu penye kivuli, nikampata mzee mmoja aliyekuwa amelala. Bwana DC alipofika akauliza mjumbe ni nani. Tukajitokeza watatu, kila mmoja akinyoosha mkono. Akatutazama. Akaweka kofia yake kwenye kile kiti cha mjumbe kando yake, akafungua ukumbi, akaondoka.

Hakuna aliyemwomba mfereji. Hakuna! Truphosa hakunigombeza. Alichukua debe akaenda kupanga laini. Niliona aibu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa Mzee Kosgei aliita baraza. Kiti kiko wazi, uchaguzi mwezi ujao. Akaleta kanuni za Akeyo zote, neno kwa neno. Kosa litajwe. Majuma mawili. Mjumbe ajitetee mpaka amalize, ndipo watu wajipange. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono! Akeyo alinitazama kwa wasiwasi.

Ana haki. Ajitetee mpaka amalize. Hakuna aliyesema amalize lini! Nikichaguliwa, wakitaka kunitoa, nitasimama kujitetea, na kama sijamaliza, hakuna mlolongo. Naweza kukaa kwenye kiti kile mpaka nizeeke.

Nimeanza mazoezi ya kujitetea mchana huu huu, Truphosa akiwa msikilizaji. Jua sasa linatua. Nimefika ndoa ya babu yangu. Mimi bado sijazaliwa.