Mbwa wa Ukoo Bora

Siku mhandisi wa barabara, Mjerumani, alipofunga mizigo kuondoka Mbinga, watu walikimbilia magodoro na masufuria yake. Hamphrey aliomba mbwa. Walikuwa wawili, dume na jike wa tumbo moja, masikio wima, manyoya yanang'aa, na alipewa bure.

"Usiwazalishe," Mjerumani alimwonya. "Nyonga zao mbovu. Ni ugonjwa wa ukoo. Watoto wataurithi kwa baba na kwa mama."

Hamphrey aliitikia kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea komunyo. Kilichomwingia kichwani ni neno moja tu: ukoo.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipopanda milimani. Wanunuzi binafsi walipigania kahawa, na mkulima aliyezoea kusubiri malipo ya ushirika mpaka aote mvi sasa alilipwa shambani. Pesa ziliingia, na akili nyingi zikatoka kuzipisha. Mtu mmoja alinunua friji kwenye kijiji kisicho na umeme, akahifadhia viatu. Watu wa namna hiyo, Hamphrey aliona, ni aibu kulindwa na mbwa koko.

Basi kaka akampanda dada. Vitoto vilipoacha kunyonya, Hamphrey alimfunga mmoja utepe mwekundu, akampeleka Matiri kwa Mzee Othmar, mwenye kahawa nyingi na maringo zaidi ya kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiye mbwa huyo?"

"Mzee, huyu ni mbegu safi. Damu yake haijui mchanganyiko. Baba na mama ni wa ukoo mmoja!"

Huo ndio ukweli pekee alioutamka katika biashara ile yote.

"Na mbwa wa Bernadi, jirani yangu?"

"Yule? Mchanganyiko wa mchanganyiko!"

Othmar alilipa bila kuomba kupunguziwa. Mbwa akaitwa Jenerali.

Jenerali alikula nyama kuliko wajukuu wa mzee, akaota kifua cha simba. Nyuma ndiko mambo yalikoharibika. Alianza kuyumba kiuno, akaja kuburuta miguu, mwishowe akakaa kitako moja kwa moja. Othmar alipolalamika, Hamphrey alimtazama kwa huruma.

"Mzee, chifu ulishamwona anakimbiakimbia?"

Othmar aliona haya kwa ushamba wake. Jumapili iliyofuata alimsukuma Jenerali kwenye toroli hadi kanisani, watu wamwone.

Wezi nao wakamwona. Othmar alipokuwa kwenye mazishi ya shemeji yake, walibeba kahawa gunia baada ya gunia, Jenerali akiwabwekea akiwa ameketi.

Othmar aliposhika panga, Hamphrey alishika barabara ya ziwani. Akaibukia Mbamba Bay, na huko, uani kwa Mama Winifrida, mwanamke aliyeuza usipa, dagaa wa ziwani, akakutana na maajabu. Jibwa refu, jeusi, lilipita katikati ya vichanja vya samaki bila kugusa hata kimoja, likazunguka mtumbwi, likaruka mfereji, likalala miguuni pa mwenyewe. Hamphrey hakutazama kitu kingine ila miguu. Alishaona hela nyingine ya Othmar ikiingia mfukoni mwake.

"Dada, nyonga za huyu zikoje?"

"Kama bawaba mpya, kaka. Katoka ng'ambo, Malawi, kwa Mzungu wa mashamba ya chai. Ila simuuzi."

Alitoa baiskeli. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza redio. Mama akajifuta machozi kwa kanga. Moshi wa samaki ulikuwa mkali.

"Nikuambie ila yake?"

"Ila? Mbwa mwenye miguu hii? Niambie jina lake, inatosha!"

"Haya. Umemnunua na yake yote."

Huko Matiri, Othmar alimpokea yeye na mbwa akiwa na panga, na nyuma yake Bernadi na wengine waliouziwa ndugu za Jenerali.

"Shikamoo, Mzee! Kabla hujakata, tazama miguu!" Hamphrey akalegeza kamba.

Mbwa alichanja mbuga kwa madaha. Akaupiga mti wa kahawa kwa uso, akageuka, akaupiga wa pili, kisha akatumbukia kwenye tangi la kuoshea kahawa. Walipomwopoa, Othmar alipitisha kiganja mbele ya macho yake. Hayakupepesa.

"Kipofu," alisema Bernadi. "Uani kwao alishakariri njia."

"Na upofu huu nao ni wa ukoo?" Othmar aliuliza kwa upole wa kutisha.

Hamphrey alirudi nyuma hatua moja, akagota kwenye tangi.

"Chagua," Othmar akaendelea. "Polisi, au ghala langu mpaka msimu uishe. Nahitaji mlinzi."

Alichagua ghala. Jioni Othmar alimletea ugali na maharage, akampa na blanketi.

"Ukisikia mtu, piga kelele."

"Kelele gani, Mzee?"

"Yoyote," alisema Othmar. "Ila isiwe maneno. Maneno yako nimeshayanunua."