Pichi za Kuchelewa

Jumatatu, tarehe 9 Machi
Pichi zangu bado ziko mtini. Saba! Pichi za watu wengine zilikwisha zamani, hata zile za Masisi, lakini mti wangu ni wa aina mpya, ya kuchelewa. Nilimwambia muuza miche anipe ule unaochelewa kuliko yote. Huo ndio ujanja. Jumapili baba mkwe, muzee Twagirimana, anashuka kutoka Masisi. Siku ya harusi yetu alisema mbele ya watu kwamba binti yake anaolewa na mwanamume asiyeweza kuotesha hata kitunguu. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Jumapili namtia pichi mkononi!

Jumanne, tarehe 10
Nimeziminya. Ngumu kama mawe ya volkano. Mke wangu Léocadie kasema niache kuminyaminya, aina ya kuchelewa huchelewa. Hana imani. Kisha kanijulisha kwamba Baharanyi, mume wa mdogo wake Dorine, naye anakuja. Na analeta mbuzi. Mbuzi mzima, ili anipite mbele ya muzee!

Jumatano, tarehe 11
Akili imenijia! Ndizi za pombe huivishwaje? Hufukiwa shimoni, zikatiwa moshi. Nikashika jembe. Hapa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, chini ni jiwe tupu: jembe liliruka, mpini ukavunjika, goti likavimba. Basi nikaazima pipa kwa jirani, Mama Apolline. Akauliza la nini. Nikamjibu ni siri ya kilimo. Nikachuma pichi zote, nikazifunika kwa majani ya mgomba, nikawasha moshi. Sasa tuone Baharanyi na mbuzi wake!

Ijumaa, tarehe 13
Nimefunua. Zimekunjamana, ngumu vilevile, na zinanuka samaki. Nani angenikumbusha kwamba Mama Apolline hukaushia sambaza, vile visamaki vya soko la Kituku, humo humo? Aliyefurahi ni paka peke yake. Mimi nilikaribia kulia.

Jumamosi, tarehe 14
Nimezunguka soko zima kutafuta pichi. Wauzaji wamenicheka: papa, msimu umekwisha. Na mimi mwenyewe ndiye niliyetaka uishe! Nimenunua matufaha, nimeyafunga mtini kwa uzi. Ukisimama barabarani, yanapendeza sana.

Jumapili, tarehe 15
Muzee hakusimama barabarani. Alikwenda moja kwa moja mtini, akavuta tunda, uzi ukaja nalo. Akauliza polepole: «Mukwe, kumbe huku Goma matunda inazaliwaka na uzi?» Baharanyi alicheka mpaka akakaa chini. Aibu! Nilitamani kuingia ndani ya pipa.

Kisha muzee akapekua majani. Pichi moja! Ya kweli, ya nane, niliyokosa kuihesabu, bado kijani. Akaigeuza taratibu, akainusa. Halafu akasema mti huu umetunzwa vizuri, kwao Masisi hakuna pichi inayofika mwezi huu. Asiiguse mtu mpaka inukie yenyewe. Atarudi baada ya wiki mbili, aile kwa mkono wangu. Umetunzwa vizuri! Kasema hivyo mbele ya Baharanyi, mbele ya mbuzi, mbele ya wote!

Jumatatu, tarehe 16
Nimeiminya asubuhi. Ngumu. Nimeiminya mchana. Ngumu. Wiki mbili si nyingi, na muzee si mtu wa kungojeshwa. Léocadie alipokwenda sokoni, nikaichuma. Mama Apolline kaniazima tena pipa. Safari hii nimeliosha kwa sabuni.